HAMIRA NA SOMO LA JOZI: KROMOSOMU HUTAMBUANAJE GIZANI?



Tunapenda katika kurasa hizi za elimu ya viumbe tuzungumzie jambo ambalo wale mnaosoma sekondari mmekutana nalo darasani kwa Kiingereza, mkalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha likapotea. Jambo lenyewe ni meyosisi, yaani ule mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu za uzazi. Vitabu vya shule hueleza kwamba katika meyosisi kromosomu zinazofanana hukaa jozi jozi, halafu vinaendelea na mengine kana kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi tutasimama hapo hapo. Zinakaaje jozi? Ni kitu gani kinachozipanga? Na zisipopangika vizuri kunatokea nini? Swali hili la tatu linagusa nyumba nyingi katika mitaa yetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Mwananyamala na Tandale, nasi tutalifikia inshaallah.

Mwalimu wetu katika somo hili atakuwa hamira, hiyo hiyo mnayotumwa dukani.

KIUMBE WA NDANI YA PAKETI

Mama anayeuza maandazi ya asubuhi huanza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Anatia hamira kwenye unga, anaukanda, anaufunika, na baada ya muda unga umeumuka. Wengi hudhani kwamba hamira ni dawa fulani ya kiwandani, kama ilivyo magadi. La hasha! Hamira ni viumbe hai, jamii ya kuvu, na kila punje ndogo ya hamira kavu ni mkusanyiko wa seli nyingi zilizolala. Gramu moja tu ina mabilioni ya seli. Zikipata maji ya uvuguvugu na sukari huamka, hula, na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi ambayo ndiyo inayouinua unga. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo pia, na kuhusu hukumu ya jambo hilo katika mikate tumekuwa tukiulizwa. Hilo ni suala la fiqhi na tunawaachia masheikh wetu walijibu mahali pake. Hapa tunaangalia seli.

Kwa nini wanasayansi waliipenda hamira? Kwanza, seli yake ina kiini kama seli zetu, tofauti na bakteria. Pili, ni rahisi kuifuga. Mwaka 1996 ilikuwa kiumbe wa kwanza mwenye kiini cha seli kusomwa vinasaba vyake vyote: herufi milioni 12 hivi, jeni zipatazo 6,000, zikiwa zimegawanywa katika kromosomu 16. Sababu ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba hamira inapofanya meyosisi, seli nne zinazozaliwa hubaki pamoja ndani ya kifuko kimoja. Mtafiti huchukua sindano nyembamba chini ya hadubini, akazitenga moja moja, na akajua kila moja imepata nini. Kwa binadamu jambo hilo haliwezekani kirahisi, kwa sababu mbegu za kiume hutawanyika kwa mamilioni, na katika meyosisi ya mwanamke hubaki yai moja tu, sehemu nyingine zikapotea.

Ndani ya donge la unga hamira haina haja ya meyosisi. Seli hutoa kijinundu ubavuni, kijinundu kinakua, kinakatika, na sasa seli ni mbili. Kila kromosomu imenakiliwa, nakala moja imekwenda huku na nyingine kule. Lakini hamira ina aina mbili za seli, ambazo wataalamu waliziita a na alfa. Zikikutana huungana na kuwa seli moja yenye kromosomu 32, yaani 16 za upande mmoja na 16 za upande mwingine, kama sisi tulivyopata 23 kwa baba na 23 kwa mama. Seli hii nayo ikilishwa vizuri itaendelea kutoa vijinundu tu. Ikinyimwa sukari, na ikanyimwa chakula chenye naitrojeni, ndipo inapobadili mwenendo: huingia katika meyosisi na kutengeneza spora nne ngumu, kila moja ikiwa na kromosomu 16, zenye uwezo wa kuvumilia njaa na ukavu hadi hali itakapokuwa nzuri.

Hivyo basi, kutoka 32 lazima ifikie 16. Lakini si 16 zozote! Spora ikipata namba 1 mara mbili na ikakosa namba 7, hiyo ni spora mfu, kwa sababu ndani ya namba 7 zimo jeni ambazo bila hizo haiwezi kuishi. Kila spora inatakiwa ipate moja ya kila namba.

KANDAMBILI MLANGONI MWA MSIKITI

Fikirieni sala ya Ijumaa. Watu 16 wamevua kandambili zao mlangoni, jumla 32, nazo zimevurugika. Umeme umekatika. Sasa mnaambiwa mzipange jozi jozi bila kurunzi, na bila kukosea hata moja. Mtu angepapasa, angepima urefu, angetafuta palipokatika kamba. Kromosomu hazina mikono wala macho. Zaidi ya hayo, si fupi na ngumu kama kandambili. Ni nyuzi ndefu, nyembamba, zilizorundikana pamoja ndani ya kiini ambacho huwezi kukiona kwa macho.

Tena kandambili ya kulia na ya kushoto hutofautiana kwa umbo, lakini kromosomu mbili za jozi moja zinafanana karibu kila herufi. Njia pekee ya uhakika ya kujua kwamba hii ni mwenzake yule ni kusoma herufi zenyewe. Na herufi zimefungwa ndani ya uzi wa vinasaba, ambao una nyuzi mbili zilizosokotana, herufi zikiwa zimetazamana kwa ndani. Itabidi uzi ufunguliwe.

Hapa ndipo tulipostaajabu sisi wenyewe tulipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza. Seli haiufungui uzi huo kwa upole. Inaukata.

PROTINI INAYOKATA

Protini inayofanya kazi hiyo inaitwa Spo11. Mwaka 1997 watafiti wa maabara ya Nancy Kleckner katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akiwemo Scott Keeney, walionyesha kwamba hiyo ndiyo inayokata vinasaba vya hamira wakati wa meyosisi. Mwaka huo huo watafiti wa Ufaransa walifikia jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Nayo haikati mara moja au mbili. Katika seli moja ya hamira hukata mahali zaidi ya mia moja. Ndugu wasomaji, mnajua kwamba kukatika kwa vinasaba ni katika madhara makubwa yanayoweza kuipata seli. Mionzi mikali huua kwa njia hiyo. Lakini hapa seli inajikata yenyewe, kwa mpango, kwa kuwa bila jeraha hakuna kutafutana.

Baada ya kukatwa, ncha za jeraha huchongwa, ule upande mmoja wa uzi ukabaki peke yake, herufi zikiwa wazi. Kisha protini mbili, Rad51 na Dmc1, huuvaa uzi huo kama shanga zinavyovaa kamba. Rad51 hufanya kazi hata siku za kawaida, seli inapotengeneza vinasaba vilivyoharibika. Dmc1, iliyogunduliwa katika hamira mwaka 1992, yenyewe hutumika katika meyosisi tu. Uzi uliovikwa hivyo huanza kupapasa ndani ya kiini: hugusa uzi mwingine, hulinganisha herufi, zisipolingana huachia, hugusa pengine. Ukipata mahali panapolingana huingia katikati na kushikamana. Hiyo ndiyo kurunzi tuliyoikosa pale mlangoni.

Je, hauwezi kushika pasipo pake? Unaweza, na kwa ajili hiyo kuna wasaidizi wawili, Hop2 na Mnd1, wanaofanya kazi wakiwa wameshikamana. Mwaka 1998 maabara ya Shirleen Roeder katika Chuo Kikuu cha Yale ilieleza habari ya hamira iliyoondolewa jeni ya Hop2. Ukiitazama kwa hadubini ungedhani mambo ni mazuri, kwani kromosomu zilikuwa zimekaa mbili mbili. Zilipochunguzwa, ikaonekana nyingi zimeshikana na zisizo zake, mfano wa mtu aliyeondoka msikitini na kandambili moja yake na nyingine ya jirani. Seli ile haikuendelea mbele, ilisimama pale pale. Kwa hiyo tunajifunza kwamba kushikana ni jambo moja, na kushikana na mwenzake wa haki ni jambo jingine, na kila moja lina protini zake.

KUKUSANYA NCHA NA KUFUNGA ZIPU

Kupapasa kiini kizima kungechukua muda mrefu mno. Kwa hiyo seli husaidia kwa kuzisogeza kromosomu. Protini iitwayo Ndj1 hufunga ncha za kromosomu kwenye utando wa kiini, ikishirikiana na Mps3 iliyopenya ndani ya utando huo. Ncha zote hukusanyika upande mmoja na miili ya kromosomu ikaning'inia, sura yake ikawa kama kikuba cha asumini kilichofungwa mashina. Nje ya utando, nyuzi za aktini huzivuta ncha hizo huku na huko, na kromosomu hutikiswa kweli kweli. Mtikiso huo una faida mbili: zilizo mbali hupata kukutana, na zilizoshikana kimakosa hubanduka. Hamira isiyo na Ndj1 huchelewa kupanga jozi, na baadhi ya kromosomu zake huishia pasipo pake.

Kromosomu zikishatambuana, huja protini ambayo jina lake hata mtoto wa darasa la pili angelielewa: Zip1. Ndiyo, ni zipu, kama ya begi lenu la shule. Tangu mwaka 1956 wataalamu wa hadubini za elektroni walikuwa wameona kati ya kromosomu zilizokaa jozi kitu kama ngazi, reli mbili na vipago katikati. Mwaka 1993 maabara hiyo hiyo ya Roeder ilitangaza kwamba katika hamira vipago hivyo vimetengenezwa kwa Zip1. Inazishika kromosomu mbili sambamba, mwanzo hadi mwisho, zikiwa zimeachana nanometa 100 hivi, sawa na sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hamira isiyo na Zip1 huweza kuzisogeza kromosomu zake karibu karibu, zikasimama sambamba, lakini zipu haifungi.

Hii Zip1 ina tabia moja ya ajabu. Mwaka 2005 ilionekana kwamba mapema kabisa, kabla jozi hazijajulikana, Zip1 huzifunga kromosomu mbili mbili katika sehemu zao za kiunoni bila kujali undugu. Yeyote na yeyote. Kisha, kadiri utambuzi unavyoendelea kwenye mikono ya kromosomu, zile za bahati nasibu huachana na kila moja ikamfuata wa kwake. Tunaweza kufananisha na mwalimu anayewaambia wanafunzi wapya wakae wawili wawili kwanza, kisha ndipo awapange.

Zipo protini nyingine katika kazi hii, kama Red1 na Hop1 zinazojenga uti wa kila kromosomu, na Zip3, Msh4 na Msh5 zinazochagua ni majeraha gani yataunganishwa kwa kubadilishana vipande. Hatutazifafanua zote, ukurasa hautoshi. Muhimu ni hili la kubadilishana: kati ya yale majeraha, mengine huponywa bila kubadilishana vipande, lakini mahali 90 hivi katika seli ya hamira kromosomu ya upande mmoja huunganishwa na ya upande mwingine, kipande kikaenda huku na kipande kikaja huku. Kwa sababu hiyo ninyi hamfanani kabisa na ndugu zenu wa baba mmoja na mama mmoja.

KUVUTA KAMBA

Mtauliza, kwa nini tabu yote hii ya kuziunganisha ikiwa mwishowe zitatenganishwa? Jibu liko katika mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zikivuta kamba moja, kamba hukaza, na refa anajua kwamba timu zote mbili zipo. Kama kamba imekatika katikati, kila timu itaanguka upande wake na refa hataweza kujua nani alikuwa akivutana na nani.

Seli hufanya vivyo hivyo. Kutoka pande mbili za seli hutoka nyuzi zinazoshika kromosomu, moja ya jozi ikavutwa kushoto na mwenzake kulia. Kwa kuwa zimeunganishwa pale zilipobadilishana vipande, kamba hukaza. Kamba isiyokaza huachishwa na protini inayoitwa Ipl1, ili ijaribu tena. Nakala mbili za kila kromosomu zenyewe zimegandishwa kwa gundi ya protini iitwayo Rec8, na gundi hiyo ndiyo inayofanya muungano usifumuke. Kamba zote zikishakaza, Rec8 ya mikononi hukatwa na jozi zikaachana, moja huku na moja kule, kwa hesabu kamili.

Hamira isiyo na Spo11 haijikati, haitambuani, haiungani. Nayo, tofauti na ile isiyo na Hop2, haisimami, bali huendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Kromosomu hugawanywa ovyo, na spora zake karibu zote hufa. Kumbukeni gundi ya Rec8 na kumbukeni Spo11, tutazirudia.

MBUNG'O, NYUMBU NA NDIZI ZA MABIBO

Huenda msomaji akasema, haya ni ya hamira, yanatuhusu nini? Spo11, Dmc1, Hop2 na Mnd1 zote zimo ndani ya miili yetu, zikiwa na mfanano wa wazi na zile za hamira. Panya walioondolewa jeni ya Spo11 ni tasa, dume na jike. Zip1 yetu ni protini nyingine iitwayo SYCP1, herufi zake si zile, lakini kazi ni ile ile ya zipu.

Hata vijidudu vya malale vinazo. Kwa muda mrefu watafiti walijua kwamba vijidudu hivi hubadilishana jeni ndani ya mbung'o, lakini hawakuwahi kuiona meyosisi yake. Mwaka 2011 kikundi cha Wendy Gibson wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kilizitia alama ya kung'aa protini tatu za kijidudu hicho zinazolingana na Mnd1, Dmc1 na Hop1 za hamira, kisha kikatazama zinang'aa wapi. Ziling'aa ndani ya tezi za mate za mbung'o. Hili si jambo la mbali kwetu sisi Watanzania. Malale ya Afrika Mashariki hutokana na kijidudu chenye jeni iitwayo SRA, inayokiwezesha kuishi katika damu ya binadamu, na kwa njia ya kuzaliana ndani ya mbung'o jeni hiyo inaweza kuhamia katika vijidudu vilivyokuwa vikishambulia wanyama peke yao.

Tuje kwa nyumbu. Hatumkusudii nyumbu wa Serengeti, bali yule mtoto wa punda dume na farasi jike, anayetajwa pamoja na farasi na punda katika Sura An-Nahl, aya ya 8. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, nyumbu 63. Namba 63 haigawanyiki kwa mbili, na hata zinazoweza kukaribiana hazilingani vizuri. Kupangika jozi kunashindikana, na ndiyo maana nyumbu ni mnyama mwenye nguvu lakini karibu siku zote hazai.

Na ndizi je? Nendeni soko la Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, mpasue ndizi Bukoba ya kupika. Mtaona vidoa vidogo vyeusi badala ya mbegu. Ndizi mwitu ina kromosomu 22, yaani jozi 11, na imejaa mbegu ngumu kama changarawe. Ndizi Bukoba ina 33, yaani kila namba zipo tatu. Tatu hazifanyi jozi. Mbili zikishikana, ya tatu inabaki inazurura, au zote tatu zinang'ang'aniana. Mbegu hazipatikani ila kwa nadra sana, na tunda hukua bila mbegu. Kwa mlaji hiyo ni neema. Kwa mkulima ni neema yenye mtihani ndani yake, kwa sababu migomba hupandwa kwa machipukizi, kila chipukizi ni nakala ya mama yake, na ugonjwa unaomuweza mmoja unawaweza wote.

Ndiyo maana uzalishaji wa aina mpya umekuwa kazi ya subira. Watafiti wa Uganda na wa taasisi ya kimataifa ya IITA walichavusha maua ya migomba kwa mkono, wakapata mbegu chache mno. Hesabu yao inafurahisha: mgomba mama wa 33, kwa kuwa meyosisi yake imeshindikana, mara chache hutoa yai lenye kromosomu zote 33. Likikutana na chavua ya 11 kutoka ndizi ya 22, mtoto anakuwa na 44. Huyo wa 44 ana nne nne, anaweza kupanga jozi, hutoa yai la 22. Likikutana tena na chavua ya 11, tumerudi 33, ndizi isiyo na mbegu lakini ya ukoo mpya. Aina nne zilizotokana na kazi hiyo ziliidhinishwa nchini kwetu mwaka 2021 kwa jina la TARIBAN.

Wapo wanaopenda kuichukua aya ya 36 ya Sura Yasin, inayohusu kuumbwa kwa jozi, wakasema hii hapa habari ya kromosomu. Sisi tunashauri tahadhari. Aya inatosha kutufanya tutafakari tunapoona jozi, lakini maelezo ya maabara hurekebishwa kila mwaka, na si adabu kuifunga Qur'an kwenye maelezo ambayo kesho yatarekebishwa.

WATOTO WETU

Sasa tufikie lile swali la tatu. Mwaka 1956 ndipo ilipojulikana kwa hakika kwamba binadamu ana kromosomu 46. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, Marthe Gautier, Raymond Turpin na Jérôme Lejeune, walitangaza kwamba watoto wenye hali iliyokuwa ikiitwa kwa jina la daktari Down wana 47, kwa kuwa namba 21 zipo tatu. Watoto hawa mnawafahamu: macho yenye umbo lake, shingo fupi, misuli laini, wanachelewa kutembea na kusema, na wengi wao ni wachangamfu na wenye mapenzi. Duniani huzaliwa takriban mmoja katika kila watoto 700 hadi 1,000. Kwa hiyo katika mji wenye mamilioni ya watu kama Dar es Salaam si wachache, ingawa barabarani mnawaona mmoja mmoja, kwa kuwa wengine huwekwa ndani.

Kwa nini wawekwe ndani? Kwa maneno ya watu. Mitaani husemwa kwamba mama alirogwa, au alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, au familia ina mkosi. Wapo waume walioacha wake zao kwa jambo hili. Basi tuangalie seli inasema nini.

Mara nyingi ile namba 21 ya ziada hutoka katika yai la mama, na mara chache katika mbegu ya baba. Lakini yai hilo lilitengenezwa lini? Mtoto wa kike huanza meyosisi ya mayai yake akiwa bado tumboni mwa mama yake. Spo11 yake inakata, Dmc1 yake inapapasa, zipu inafungwa, vipande vinabadilishwa, na hapo kazi inasimama. Inabaki imesimama mpaka atakapobalehe na kila yai litakapofika zamu yake, miaka 15, 30 au 40 baadaye. Miaka yote hiyo kamba imeshikiliwa na gundi, ile ile Rec8 tuliyoiona katika hamira. Gundi ikichakaa, au kama muungano wa namba 21 ulikuwa haba tangu mwanzo, jozi haivutwi sawasawa na zote mbili huenda upande mmoja. Ndiyo sababu uwezekano hupanda kwa umri: kwa mama wa miaka ishirini na kitu ni chini ya mmoja katika 1,000, kwa wa miaka 40 ni karibu mmoja katika 100. Hata hivyo watoto wengi wa hali hii huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa kuwa hao ndio wanaozaa zaidi.

Mwanamke wa miaka 38 anayejifungua leo Temeke, jozi za yai hilo zilifungwa miaka 38 iliyopita ndani ya tumbo la bibi wa mtoto huyu, pengine huko Rufiji au Kilwa. Hakuna alilolitenda mama, wala alilolicheka, wala jicho la jirani, lililoingia hapo. Na si hali hii peke yake. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo zina hesabu ya kromosomu isiyo sawa, na wanawake wengi wamelaumiwa kwa mimba hizo kwamba walibeba ndoo ya maji au walitembea sana.

Kuna jambo la haraka zaidi ya maneno. Karibu nusu ya watoto wenye 47 huzaliwa na tatizo la moyo, na matatizo mengi kati ya hayo hutibika yakigundulika mapema. Kwa hiyo mtoto akizaliwa hivyo katika familia zenu, miezi ya kwanza isipotelee kwa mganga. Apelekwe hospitali asikilizwe moyo, na ikibidi apewe rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili. Akikua anaweza kufundishwa, kwa pole pole na kwa kurudiarudia. Sura fupi za Juzuu Amma huhifadhiwa kwa njia hiyo hiyo na watoto wote.

KAZI YA KUFANYA

Chukueni nyuzi za kushonea za rangi tatu, kila rangi nyuzi mbili za urefu sawa, moja mkaitia fundo ili iwe ya baba. Zitieni ndani ya mfuko, mfumbe macho, mzigawe katika mafungu mawili bila kuzifunga jozi kwanza. Rudieni mara 20 na mwandike ni mara ngapi kila fungu lilipata rangi zote tatu. Kisha zifungeni rangi kwa rangi, mvute kila jozi pande mbili, mlinganishe. Halafu jibuni: hamira ina jozi 16 badala ya 3, je, mara 20 zingetosha kupata fungu moja kamili kwa bahati? Mgomba wa 44 ukichavushwa na mgomba wa 44, mtoto atakuwa na ngapi, na je, mnatarajia awe na mbegu? Na hamira iliyoondolewa Spo11 na Hop2 zote mbili, itasimama njiani au itaendelea na safari? Majibu yaletwe kwa maandishi kwa mwalimu wa darasa lenu, yakiwa na sababu, si jibu tupu.